Gari kwa jina la binamu: kisa cha leseni na bima huko Lowell, Massachusetts

Kisa hiki kinamhusu mwanamke Mkenya asiye na makaratasi anayeishi Lowell, Massachusetts, mji ambao kwa miaka mingi umekuwa na jamii kubwa ya Wakenya. Mhusika ni wa mfano. Mambo yake yamekusanywa kutoka katika hali zinazowapata wengi, kwa hiyo asitafutwe mtu fulani nyuma yake. Sheria, ada na taratibu zinazotajwa hapa ni za kweli.

Dada huyu aliingia Marekani mwaka 2017 kwa viza ya matembezi, akapewa miezi 6 ya kukaa kama ilivyo kawaida, na muda huo ulipokwisha hakuondoka. Tangu siku hiyo kila mwaka ulioongezeka ulizidi kumfungia njia ya kurudi, kwa sababu mtu aliyekaa bila kibali kwa mwaka mmoja au zaidi akitoka nje ya nchi hupigwa marufuku ya miaka 10 ya kuingia tena. Alipata kazi ya kulea wazee majumbani mwao, nyingi zikiwa zamu za usiku, na nyumba za wazee hao haziko mahali ambapo basi hupita saa 5 za usiku. Akanunua Toyota Corolla iliyotumika, kwa fedha zake mwenyewe, na kuiandikisha kwa jina la binamu yake wa Worcester mwenye kibali cha ukaazi wa kudumu.

Hakufanya hivyo kwa ujanja wa kupenda. Wakati ule Massachusetts haikumpa leseni mtu asiye na kibali, na bila leseni, kitambulisho cha jimbo au namba ya Social Security (namba ya hifadhi ya jamii ambayo Marekani humtambulia mtu) kuandikisha gari kwa jina lake lilikuwa jambo gumu. Binamu akakata bima. Katika fomu alijiandika yeye kuwa dereva wa pekee, na akaandika kwamba gari hulala Worcester, nyumbani kwake. Gari lenyewe lililala Lowell kila siku, na binamu hakuwahi kuliendesha isipokuwa siku ya kulinunua.

Asubuhi moja ya Februari 2025, akirudi kutoka kazini, gari liliteleza juu ya barafu na kugonga mlango wa gari lililokuwa limeegeshwa kando ya barabara. Mwenye gari alitoka nje, polisi wakaitwa. Askari alipoomba leseni, dada alitoa pasipoti ya Kenya iliyokuwa imekwisha muda. Askari huyo hakumkamata. Alimwandikia wito wa kufika mahakamani kwa kosa la kuendesha bila leseni. Tofauti kati ya hayo mawili inastahili kuelezwa, kwa sababu katika jamii zetu watu huyachanganya. Anayekamatwa na kupelekwa kituoni huchukuliwa alama za vidole, alama hizo hutumwa FBI, na kutoka huko hufika moja kwa moja katika kompyuta za Wizara ya Usalama wa Ndani, hata kama polisi wa mji hawana nia yoyote ya kushughulika na uhamiaji. Anayepewa wito wa karatasi hana alama zilizochukuliwa siku hiyo. Askari ana hiari ya kuchagua, na hakuna anayeweza kutegemea hiari ya askari kila asubuhi.

Wiki chache baadaye kampuni ya bima ilimpigia simu binamu. Maswali yalikuwa mepesi: nani alikuwa anaendesha, anaishi wapi, hutumia gari hilo mara ngapi kwa wiki. Binamu alijaribu kusema kwamba alimwazima gari siku hiyo moja tu, lakini ripoti ya polisi ilikuwa na anwani ya Lowell na maelezo ya dada mwenyewe kwamba alikuwa akitoka kazini. Mwenye gari lililogongwa alilipwa kupitia sehemu ya lazima ya bima. Corolla haikulipiwa hata senti. Bima ya kawaida ya Massachusetts inasema waziwazi kwamba mteja akitoa taarifa za uongo au pungufu zinazoongeza hatari kwa kampuni, na yanatajwa kwa jina mahali gari linapolala na orodha ya madereva, kampuni inaweza kukataa kulipa sehemu zote za hiari. Bima ya kugharimia gari lako mwenyewe likigonga ni mojawapo ya sehemu hizo. Kwa miaka yote ile dada alikuwa akimrudishia binamu ada ya bima kila mwezi, ikiwemo nyongeza ya sehemu hiyo ambayo, kwa jinsi fomu ilivyojazwa, isingeweza kumsaidia.

Wengi waliosikia habari hii walisema kosa lake ni kukosa leseni. Mimi naona leseni ilikuwa nusu ndogo ya tatizo. Hata angekuwa na leseni siku ile, bima isingelipa Corolla, kwa sababu uongo ulikuwa katika fomu na haukuwa mfukoni mwake. Kama ajali ile ingemjeruhi mtu vibaya, deni la kilichozidi kiwango cha lazima lingewaangukia yeye na binamu, ambaye jina lake ndilo lililokuwa juu ya gari. Binamu alikuwa na mali ya kudaiwa, alikuwa akisubiri uraia, na kutoa taarifa za uongo kwa kampuni ya bima ni jambo ambalo mwombaji wa uraia hapaswi kuwa nalo katika jalada lake. Anayemsaidia ndugu kwa kumwazima jina ndiye mara nyingi mwenye vingi zaidi vya kupoteza.

Ajabu ni kwamba ajali ilitokea wakati mlango wa leseni ulikuwa umekwisha kufunguliwa. Bunge la Massachusetts lilipitisha mwaka 2022 sheria inayomruhusu mkaazi wa jimbo kupata leseni ya kawaida bila kuthibitisha kibali cha kukaa nchini. Gavana Charlie Baker aliikataa, bunge likaipitisha tena juu ya kichwa chake mwezi Juni mwaka huohuo, wapinzani wakakusanya saini ili ifutwe kwa kura, na Novemba 2022 wapiga kura wakaamua kwa takriban asilimia 54 kwamba ibaki. Ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2023. Dada alikuwa na habari hizo. Kilichomzuia ni vitu viwili: pasipoti yake ilikuwa imekwisha, na alikuwa ameambiwa kanisani kwamba ofisi ya leseni huipelekea serikali ya Trump majina ya wote wanaokwenda bila makaratasi.

Tuanze na pasipoti, kwa sababu bila hiyo hakuna kinachosonga. Sheria inadai nyaraka mbili za kuthibitisha jina na tarehe ya kuzaliwa. Ya kwanza lazima iwe pasipoti ya kigeni isiyokwisha muda au kitambulisho kinachotolewa na ubalozi mdogo. Wamexico na watu wa baadhi ya nchi za Amerika ya Kusini wana vitambulisho hivyo vya ubalozi. Kwa Mkenya njia iliyobaki ni pasipoti. Maombi huanzia mtandaoni kupitia eCitizen, kisha mwombaji hufika mwenyewe kwa ajili ya picha na alama za vidole, kwenye ofisi ya ubalozi, kama ya Washington, au kwenye huduma za kuhamahama ambazo ubalozi huandaa katika miji yenye Wakenya wengi. Watu kadhaa waliogopa kwamba ubalozi ungewauliza viza. Ubalozi ni wa Kenya, kazi yake ni kumhudumia Mkenya, na viza ya Marekani haimhusu. Dada alipata pasipoti mpya baada ya miezi kadhaa, na muda huo ndio uliokuwa mrefu kuliko hatua nyingine zote.

Waraka wa pili una uchaguzi mpana zaidi: cheti cha kuzaliwa halisi au nakala iliyothibitishwa, kitambulisho cha taifa kisichokwisha muda, leseni ya udereva ya nchi ya kigeni isiyokwisha muda, leseni ya jimbo lingine la Marekani, au cheti cha ndoa au amri ya talaka iliyotolewa na jimbo lolote la Marekani. Kwa Mkenya, kila kimoja kina kona yake. Leseni yake ya Kenya ilikuwa imekwisha zamani. Kitambulisho chake, kile cha zamani cha plastiki, hakina tarehe ya kumalizika muda, na mtumishi wa dirishani aliyefundishwa kutafuta tarehe hiyo anaweza kusita. Kilichobaki ni cheti cha kuzaliwa, ambacho mama yake alikitoa sandukuni na kukituma kwa mtu aliyekuwa akisafiri.

Cheti kilipofika kilileta shida ambayo Wakenya wengi wa rika lake wanaifahamu. Katika nafasi ya jina la mtoto yameandikwa majina mawili, la ubatizo na la nyumbani, na jina la baba limo katika safu yake peke yake, chini kidogo. Pasipoti ina majina matatu, la baba likiwa la mwisho. Kwetu hakuna anayeona tatizo hapo. Kwa mtu anayelinganisha karatasi mbili herufi kwa herufi, hao ni watu wawili. Nilimshauri asiende dirishani na kusubiri kuulizwa, bali aende na vyote vitatu, yaani pasipoti, cheti na kile kitambulisho cha taifa chenye majina yote matatu, ili mtumishi aone mwenyewe jinsi majina yanavyoungana. Nyaraka za Kenya zina nafuu moja: zimeandikwa kwa Kiingereza. Mkongomani au Mrundi mwenye cheti cha Kifaransa angelazimika kwanza kutafuta tafsiri iliyothibitishwa.

Uthibitisho wa kuishi jimboni haukumsumbua sana. Amepanga chumba kimoja katika nyumba ya mtu, kwa hiyo bili za umeme na maji hazina jina lake, lakini taarifa ya benki iliyotumwa kwa anwani hiyo ilitosha. Namba ya Social Security hana, na fomu ina mahali pa kusema hivyo. Hapa onyo ni moja na ni kubwa: asiandike namba ya mtu mwingine, hata ile aliyowahi kuitumia kazini. Pasipo na namba, ukweli unakubalika. Namba ya kuazima ni kosa jipya lenye uzito kuliko lile la kuendesha bila leseni.

Onyo la pili linahusu kura. Ofisi hiyohiyo ya usajili wa magari, RMV, ndiyo huandikisha raia kuwa wapiga kura, na jambo hili ndilo wapinzani wa sheria walilolipigia kelele mwaka 2022. Mwombaji asiye raia akikutana na swali lolote la uraia au la kujiandikisha kupiga kura, jibu ni hapana, na kama hakulielewa swali amwombe mtumishi aeleze kabla ya kubonyeza chochote. Kujidai raia wa Marekani, hata kwa alama moja kwenye skrini, ni kosa ambalo sheria ya uhamiaji huliadhibu kwa kufunga mlango wa kibali daima, na kwa wengi hakuna msamaha unaoombwa. Ndoa na raia, watoto raia, miaka 20 ya kazi: vyote vinaweza kukwama juu ya kibonyezo hicho.

Mtihani wa kuandika una maswali 25, na lazima upate 18. Aliupita mara ya kwanza na kupewa leseni ya kujifunzia. Kwa mtu mzima leseni hiyo humruhusu kuendesha akiwa na dereva mwenye leseni kando yake, wa umri wa miaka 21 au zaidi na uzoefu wa angalau mwaka mmoja. Haimruhusu kwenda zamu ya usiku peke yake. Hii ilikuwa sehemu ngumu kwake kuliko mtihani: alikuwa ameendesha miaka 7 bila kitu, na sasa, akiwa na karatasi halali mkononi, alitakiwa kuacha kuendesha peke yake kwa muda. Alikubali kwa shingo upande, akawa akilipia usafiri wa teksi za simu na kuacha zamu za mbali.

Leseni ya Kenya haibadilishwi moja kwa moja kuwa ya Massachusetts, hivyo mtihani wa barabarani haukuepukika. Walimu wa udereva watakuambia kwamba mwanafunzi mgumu si yule asiyejua kitu bali yule aliyejifundisha mwenyewe. Dada alikuwa na tabia ya kupunguza mwendo kwenye alama ya kusimama bila kusimama kabisa, alirudi nyuma akitazama vioo tu badala ya kugeuza kichwa, na hakuwahi kusikia kwamba mtahini angemtaka aonyeshe kwa mkono, dirisha likiwa wazi, ishara za kukata kushoto, kukata kulia na kusimama. Alianguka mara ya kwanza kwa kutosimama kabisa kwenye alama ya kusimama. Mara ya pili alipita. (Na kwa wanaouliza: mtu haendi kwenye mtihani akijiendesha mwenyewe. Watahini huona mengi kupitia dirishani.) Leseni ya kawaida hulipiwa dola 50.

Kadi aliyopewa ndiyo ileile wanayopewa raia ambao hawakuchukua ile ya kiwango cha shirikisho. Ina maandishi kwamba haitumiki kama kitambulisho cha shirikisho, na tangu Mei 2025 haimpitishi mtu kwenye ukaguzi wa uwanja wa ndege kama kitambulisho kamili. Lakini haisemi lolote kuhusu uhamiaji, kwa kuwa maelfu ya raia wanayo. Majimbo mengine yalichagua kadi ya pekee kwa wasio na kibali, na hilo limewagharimu wenye kadi: Florida, kwa sheria yake ya 2023, ilitangaza kutotambua leseni za namna hiyo, zikiwemo za Connecticut na Delaware. Ya Massachusetts si ya aina hiyo.

Sasa gari. Corolla ilikuwa imetengenezwa kwa fedha za dada mwenyewe, na binamu alitaka jina lake litoke juu yake hata jana. Watu waliwashauri waandike kwamba ni zawadi, ili asilipe kodi ya mauzo ya asilimia 6.25. Jimbo husamehe kodi hiyo gari likihama kati ya mume na mke, mzazi na mtoto, au ndugu wa tumbo moja, binamu hamo. Zawadi ya kweli nayo ina fomu yake, ila inasainiwa kwa kiapo, na hapa hapakuwa na zawadi: dada alikuwa amelipia gari hilo tangu siku ya kwanza. Kodi ya gari la miaka kama ile si kubwa, ingawa jimbo huikokotoa kwa bei ya mauzo au thamani ya soko, ipi iliyo kubwa. Niliwaambia walipe. Mambo yao yote yalikuwa yameharibika kwa fomu iliyojazwa uongo, na haikuwa na maana kuyatengeneza kwa fomu nyingine ya uongo.

Massachusetts ina utaratibu ambao mgeni huukosea: bima hutangulia namba za gari. Mnunuzi huanza kwa wakala wa bima, wakala hugonga mhuri wake kwenye fomu ya usajili, ndipo fomu hiyo hupokewa RMV. Baada ya hapo kuna siku 7 za kupeleka gari kwenye ukaguzi na kubandika stika. Wakala alimuuliza namba ya leseni, tarehe aliyoipata kwanza, anwani ambapo gari hulala, na majina ya watu wazima anaoishi nao. Hakumuuliza viza. Kampuni ya bima inataka kujua jinsi unavyoendesha na mahali unapoegesha.

Bei ilikuwa juu, kama ilivyo kwa kila aliye na leseni kwa muda usiofika miaka 3. Wakala alipendekeza alete uthibitisho kutoka Kenya kwamba aliwahi kuwa na leseni huko, kwa kuwa zipo kampuni zinazoupa uzito. Kitu kimoja kilimsaidia bila yeye kujua: Massachusetts ni kati ya majimbo machache yanayokataza kampuni za bima ya gari kutumia historia ya mikopo kupanga bei, na kwa mtu ambaye hana historia hiyo kabisa hii ni nafuu ya kweli. Na kama kampuni zote zingemkataa, kuna mpango wa jimbo unaoilazimisha kampuni mojawapo kumpokea.

Viwango vya lazima vilipandishwa tarehe 1 Julai 2025: dola 25,000 kwa mtu mmoja anayejeruhiwa na dola 50,000 kwa ajali nzima, na dola 30,000 kwa mali ya wengine, ambayo zamani ilikuwa dola 5,000 tu. Ipo pia sehemu ya dola 8,000 inayomlipia matibabu na sehemu ya mshahara aliyejeruhiwa, bila kujali nani mwenye kosa. Sehemu hiyo ya mwisho ni muhimu kwa mtu asiye na bima ya afya, ila ya mshahara inadai ushahidi wa kipato, na anayelipwa fedha taslimu mkononi atapata taabu kuutoa. Nilimshauri aongeze kiwango cha majeruhi kabla ya kufikiria bima ya Corolla yenyewe. Gari kuukuu likiharibika hupotea. Mtu akivunjika nyonga, deni lake ni la miaka.

Umebaki ule uvumi wa kanisani, nao una chembe ya ukweli ndani yake. Sheria ya Massachusetts inaikataza RMV kuuliza au kuweka kumbukumbu ya hali ya uhamiaji ya mwombaji, na inasema taarifa zake si za kutolewa kwa umma. Lakini taarifa za leseni na usajili wa magari za majimbo zimekuwa zikipita katika mtandao wa polisi uitwao Nlets, ambao mashirika ya shirikisho, ikiwemo ICE, idara inayokamata na kuondoa wahamiaji, yamekuwa yakiutumia. Jina, picha na anwani yako vikiwa RMV, vipo mahali ambapo mtu anayekutafuta kwa jina anaweza kukuona. Orodha ya wasio na makaratasi haimo humo, kwa kuwa hakuna aliyeiandika.

Kwa dada huyu, hesabu ilielemea upande wa kuomba. Hana amri ya kuondolewa nchini, hajawahi kufikishwa mbele ya hakimu wa uhamiaji, na anwani yake ilikuwa tayari kwenye ripoti ya polisi. Hatari yake kubwa ilikuwa kusimamishwa njiani bila leseni na kukutana na askari wa namna nyingine. Shauri lake la Februari lilifungwa kwa kulipa gharama za mahakama. Alikwenda na wakili, na alihifadhi karatasi ya mwisho ya mahakama pamoja na pasipoti, kwa kuwa siku akipata njia ya kuomba kibali ataulizwa kuhusu kosa hilo. Anajua pia kwamba dakika chache kaskazini mwa Lowell ni New Hampshire, jimbo ambalo halimpi leseni mtu wa hali yake na ambalo, kwa ajabu yake, haliwalazimishi madereva wengi kuwa na bima. Huko anaendesha akijua kwamba huenda aliyemgonga hana kitu, na ndiyo sababu hakukubali kupunguza ile sehemu ya bima inayomlinda dhidi ya madereva wasio na bima.

Mwenye amri ya kuondolewa asiinakili hesabu hii. Aliyewahi kukosa kufika mbele ya hakimu wa uhamiaji, au aliyekataliwa ombi la hifadhi, anaweza kuwa na amri dhidi yake bila kujua, na kwake kuandika anwani mpya katika kompyuta ya serikali ni jambo jingine kabisa. Huyo aanze kwa wakili wa uhamiaji au mwakilishi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria ya Marekani, si kwa mtu mwenye muhuri wa kushuhudia saini anayejiita mshauri, na aulize swali moja kabla ya mengine yote: je, jina langu lina amri?